Sishuki na Davis

Tabitha aliachia baiskeli ikaanguka kwenye changarawe, akakaa katikati ya njia.

"Kichwa," alisema. "Siendi tena."

Wenzake wanne walifunga breki. Kibanda cha Kibo kilikuwa kinaonekana kule mbele, saa mbili hivi za kukanyaga pedeli. Kwa ajili ya saa hizo mbili, Tabitha alikuwa amepanda na kushuka vilima vya Uru kwa baiskeli kila Jumamosi, miaka miwili.

"Kumbe nguvu zote zilikuwa za migombani!" Jesse alimcheka.

Mzee Ebenezeri, kiongozi wao, alifika wa mwisho. Tangu asubuhi alikuwa nyuma ya msafara, akisema anachunga watu. Alimvika Tabitha kidoleni kimashine cha kupimia oksijeni ya damu.

"Themanini na nane. Mzima kabisa wewe, binti."

"Mashine haiumwi kichwa, baba."

Mlimani hapa, anayelalamika kichwa habishiwi. Anashuka.

"Haya. Msaidizi wangu Davis atakushusha."

"Sishuki na Davis. Mama alinikabidhi kwako."

"Miaka thelathini sijashindwa kufika Kibo, leo wewe unataka..."

"Tena alinikabidhi mbele ya mchungaji, baba."

Mzee akaguna, akageuza baiskeli. Davis akaita gari la uokoaji kwa redio, akaondoka na wengine. Tabitha aliwatazama mpaka jaketi jekundu la Jesse likawa nukta.

Kwenye mteremko mzee alianguka mara mbili, na mara zote mbili alimlaumu Tabitha.

"Mgonjwa gani anakimbia hivyo?"

Basi wakakokota baiskeli, upepo ukiwapiga ubavuni. Tabitha hakutulia. Kila hatua chache swali: kahawa kwenu Masama imeiva? Ng'ombe wangapi nyumbani? Mama anaitwa nani? Jina la mkewe lilimchukua mzee muda.

Kwenye kambi ya Horombo, gari la uokoaji lilikuwa linaunguruma tayari. Mhudumu alimkimbilia Tabitha, akamfungulia mlango.

"Pole, dada. Ingia, ingia."

Tabitha hakuingia. Alichomoa kimashine kwenye mfuko wa mzee, akakibana kwenye kidole cha mzee mwenyewe, akamgeuzia mhudumu asome.

Sitini na moja.

"Mimi sijawahi kushushwa," mzee alinong'ona.

"Na leo hujashushwa, baba," Tabitha alisema, akimshika kiwiko apande. "Umemshusha mgonjwa."