Chozi Lililopita Kichupa cha Mwisho

Zama hizo mapenzi ya ndoa yalipimwa kila mwaka kwa chozi. Afisa alipima kwanza vichupa vitano vya mapenzi ya nguvu inayojulikana, hafifu hadi makali, akachora mstari ulionyooka, kisha akatazama chozi lako linaangukia wapi kwenye mstari huo. La Mzee Shemdoe halikuwa na adabu, likapaa juu ya kichupa cha mwisho.

"Mstari wetu haufiki huko, mzee."

"Basi lizimue kwa maji."

"Chozi hatulizimui. Tunamzimua mwenyewe." Afisa akamwachia kikombe cha dawa ya kupoza mapenzi.

Mkewe, Bi Mwanahawa, alikinyakua, akanywa nusu. "Tupoe sawasawa, babu wee. Sitaki kubaki nikipenda peke yangu."

Shemdoe akacheka, akaimaliza. Alipoweka kikombe chini, mkewe alikuwa ameshasogeza kiti chake mbali naye, kidogo tu, apate hewa.