Bi Kobe na Farasi wa Mbio

Bi Kobe alifuga na kuzalisha farasi wa mbio tangu ujana wake, na Duma, mwenye mbio kuliko wanyama wote, hakuchoka kumcheka. "Bibi, kutembea kwenyewe kunakushinda. Mbio utazijulia wapi?"

Siku ya mashindano Duma alileta dume la farasi lililojaa misuli. Bi Kobe akaleta jike jembamba. Dume liliongoza mpaka kwenye mwinuko wa mwisho, hapo likaanza kuhema. Jike likalipita, likashinda kwa mbali, na uwanja mzima ukapiga vigelegele.

"Ulijuaje?" Duma akauliza.

"Wewe ulitazama miguu, mjukuu wangu. Mimi nilimzalisha mama wa jike hili, bibi yake na mama wa bibi yake. Wote walipanda mlima bila kuhema."

Kesho yake Duma akampelekea watoto wake mwenyewe awakague kama watakuwa na mbio.

Bi Kobe hata hakuwatazama. "Mama yao yuko wapi?"