Musoni Hakuitika

"Musoni!" mkufunzi aliita kwa mara ya tatu. Musoni alikuwa mstari wa nyuma, kofia ngumu kichwani, barakoa hadi machoni kama wenzake wote, na akanyamaza.

Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo ya usalama pale Mbarara. Aliyefaulu angepewa cheti cha kumfikisha kwenye visima vya mafuta, aachane na kulima mahindi ya watu huko kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale. King'ora kililia, chumba kikajazwa moshi wa mazoezi, na wote wakatoka vizuri. Kilichobaki kilikuwa kuitika tu majina yakisomwa, ijulikane kwamba hakuna aliyebaki ndani.

Lakini kule kwao Kivu, Kongo, aliwahi kuona majina yakisomwa mbele ya kanisa, na walioitika wakapandishwa lori, wasionekane tena. Tangu hapo, hata kwenye mgao wa chakula, huitika mke wake.

"Bannange, jamani, Mkongo wangu amebaki ndani!" alisema mwanajeshi mstaafu aliyekaa naye dawati moja wiki nzima. Hakungoja ruhusa. Aliinama akaingia kwenye moshi.

Musoni alimwona akiingia.

Wakamsikia mzee yule ndani akikohoa, akijigonga kwenye meza, akiita, "Musoni! Ndugu yangu, toa sauti tu, nitakufikia!"

Musoni akashusha barakoa.

"Niko hapa," akasema kwa sauti ndogo, nyuma ya migongo ya watu.

Mstari mzima ukageuka.