Upasuaji wa Mbuzi wa Bibiane

"Mbuzi hajifungui, mama. Mbuzi huzaa," alisema Daktari Okwir huku akiandika.

"Basi amezaa mara ine," Bibiane akajirekebisha. "Na sasa damu inamutoka kila siku."

Okwir hakushangaa. Miaka kumi na minne ya kutibu mifugo na kuuza dawa zake kando ya soko la Kalerwe, jijini Kampala, ilikuwa imemzoesha Kiswahili cha kila namna: cha kambi ya jeshi alimolelewa, cha Waganda wanaogeuza l kuwa r, na hiki cha Wakongo, ambacho, kwa masikio yake, kiliwapa mtu na mnyama kitenzi kimoja.

"Damu ilianza lini?"

"Mwezi wa tano huu. Tumbo linavimba upande wa chini, lakini mwili unakwisha."

"Ina harufu?"

Bibiane aliinamisha macho. "Ndiyo."

Kalamu ikasimama. Okwir aliyajua maradhi hayo ya mbuzi majike waliokomaa: uvimbe unaokua kimyakimya ndani ya kizazi, hata mwenye mnyama akadhani ni mimba. Mbuzi wa mwisho aliyempasua kwa ajili hiyo alikata roho kabla uzi wa kwanza haujafungwa. Tangu siku hiyo Okwir hakuwa amethubutu tena.

"Mlete nimwone."

"Siwezi, Daktari. Majirani hawajui."

Alimwelewa, au alidhani amemwelewa. Kule Bwaise, mtaa alikopanga mama huyo, wenye nyumba hawapendi mifugo ilale vyumbani.

Muhamadi, muuza nyama wa kibanda cha pili, alichungulia dirishani, kisu mkononi. "Hiyo mbuzi lete kwangu, mama! Mimi nakata, na kushona sikuombi!"

Okwir alicheka. Bibiane alishika ukingo wa meza hadi mishipa ya mkono ikamsimama.

"Muhamadi anatania, lakini ana hoja," Okwir alisema kwa upole. "Mnyama anayeteseka hivyo, afadhali achinjwe."

"Hapana! Batoto bane banamutegemea yeye tu."

Watoto wanne kwa maziwa ya mbuzi mmoja, Okwir akawaza, na akamwonea huruma.

"Akitolewa kizazi, ataishi?" Bibiane aliuliza.

"Huenda, ikiwa uvimbe haujafika mapafuni. Anakohoa?"

Bibiane aligeuza uso. Alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, kwa maana lori lilikuwa limepita na vumbi lilikuwa jingi. "Kidogo," akasema.

"Mama, sitakudanganya. Anaweza kufia mikononi mwangu."

"Na asipopasuliwa?"

"Atakufa vilevile. Miezi miwili, labda mitatu."

Bibiane alitazama makopo ya dawa yaliyopangwa rafuni. "Basi njoo umupasue. Akifa, hakuna mutu atakulaumu."

Okwir alitaka kukataa. Maneno ya kukataa yalikuwa yamekwisha kumfika ulimini. Lakini mama huyo alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa na mwenye mbuzi yeyote, naye akajisikia akisema, "Ijumaa, saa nne asubuhi."

Ijumaa ilipofika, aliruka mitaro ya Bwaise mkoba begani, akizirudia hatua za upasuaji moja baada ya nyingine, kama mtoto anayekariri somo kabla ya mtihani. Kisha akabisha mlangoni kwa Bibiane.

Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani, na sakafuni palitandazwa turubai jipya. Kando yake, beseni la maji ya moto lilifuka mvuke. Watoto, Bibiane alieleza, walikuwa kwa rafiki yake Esperance, mtaani Kabalagala, hadi Jumapili.

Okwir alipanga vifaa vyake juu ya kigoda: wembe, mkasi, uzi, dawa ya ganzi, kamba ya kufungia miguu. Alifuta jasho la mikono kwenye koti lake ili mwenyeji asiitambue hofu yake.

"Nani atanisaidia kumshika?"

"Hatasumbua, Daktari."

"Haya, mama. Mlete."

Bibiane alifunga mlango kwa komeo, akavua viatu, akajilaza chali juu ya turubai.