Nungunungu na Mstari wa Nne

Hivi wewe, ukionyeshwa kosa lako, husema ahsante? Nungunungu alisimamisha miiba.

Alikuwa amejitapa kwamba amethibitisha njia ya kugawa pembe yoyote sehemu tatu sawa kwa rula na bikari tu, na wanyama walikuwa wanamtawaza mwalimu wa hesabu siku hiyo hiyo. Nyuki akautazama mchoro.

"Kaka, mstari huu wa nne umetokea wapi? Sioni alama ya bikari iliyouleta."

"Wivu! Mjenga masega umejua lini hesabu?"

"Basi igawe na hii." Nyuki akachora pembe nyingine vumbini.

Nungunungu akaishika bikari, asijue pa kuanzia. Uongo wake alikuwa ameshauamini mpaka akausahau. Miiba ikalala.

"Siwezi," akasema mbele ya wote. "Pembe ile ya kwanza niliipima kwa kipimapembe, nikafuta alama."