Nguchiro Aliyeaga Mapema

Nguchiro mmoja hakujua kungoja. Alipotaka kusoma katika chuo cha Mzee Korongo, alipeleka maombi miezi mitatu kabla ya siku ya mwisho. "Atanguliaye kisimani hunywa maji maenge, yale safi yasiyotibuliwa," akawaambia majirani. Jioni hiyo hiyo akapika karamu ya kuagana, akamwachia jirani yake Bi Fungo shimo lake, akalia, na wageni wakalia naye.

Jibu likaja: "Hatujakukubali, wala hatujakukataa. Subiri hadi masika."

Aliisoma barua mara saba akitafuta neno la heri, asilipate. Akaenda kwa Korongo, manyoya yamemsimama.

"Mzee, heri ungenikataa nikajua moja! Si mimi niliyewahi?"

"Umewahi, mwanangu," Korongo akajibu kwa upole, akamwonyesha rundo la barua lililogusa dari. "Na hawa wote wamewahi. Humo wewe ni wa mia nne na kumi. Lakini foleni ya kungoja masika ina wawili tu; nimekuhamishia huko, nawe sasa ni wa tatu. Nenda katulie."

Nguchiro aliona haya. Kumbe kwa haraka yake yote alikuwa amekimbilia foleni ndefu.

Alipofika nyumbani, Bi Fungo alikuwa mlangoni mwa lile shimo akifagia.

"Jirani! Si ulituaga juzi, tukalia mpaka macho yakavimba?"

"Yale yalikuwa mazoezi, dada," Nguchiro akasema, akijicheka mwenyewe. "Naomba kona ya kulala. Nikiondoka kweli nitaaga tena, lakini safari hiyo mtalia kwa zamu, na wewe ndiye utakayepika."