Kiingereza cha Bwana Mjusi

“Kosa halifanywi, mama. Kosa linatengenezwa.”

Mjane aliweka kisu chini. Vitunguu vilikuwa vimekwisha kumtoa machozi, na sasa Kiingereza kilitaka kumalizia yaliyobaki.

“Mtu mwenye akili zake akae chini atengeneze kosa?”

“Ndivyo wenyewe wanavyosema. ‘Meki’ ni ya kosa, ya kelele, ya malalamiko. ‘Du’ ni ya kazi. Mapumziko unayachukua. Usikivu unaulipa.”

“Naulipa kwa nani?”

Mkwewe, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, alivuta pumzi. Darasani angegonga meza. Lakini huyu ni mama mkwe, na meza ni yake.

“Haulipwi kwa mtu, mama. Ni maneno yamezoeana tu, kama sisi na kupiga. Wewe si unapiga pasi kila siku? Pasi imekukosea nini?”

Mjane alitaka kucheka, kicheko kikakwama. Alikuwa amekumbuka mkono wa wifi yake.

Yeye na wifi, dada wa marehemu mumewe, walifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia shuka za hoteli. Mle ndani kulikuwa na mashine kubwa ya kunyoosha, yenye mapipa ya moto yanayozunguka, na kizuizi chake cha vidole kilikuwa kimevunjika. Ikavuta shuka, ikavuta na mkono wa wifi. Sasa wifi alikuwa nyumbani, bendeji hadi kiwikoni, na mahali pake pamewekwa msichana mwingine. Mashine haikuguswa.

Si kwamba watu walinyamaza. Msimamizi alikwenda kwa mkurugenzi mpya, mgeni aliyeletwa na wenye kampuni kutoka ng'ambo. Alirudi ameshika kiuno.

“Nimemweleza yote. Kaitikia kwa kichwa.”

Ikaishia hapo. Fundi wa mitambo naye akaenda, naye akaitikiwa kwa kichwa. Ndipo akina mama wakampachika mgeni jina la Bwana Mjusi. Ukimwambia “gudi moningi”, anatabasamu na kutikisa kichwa juu chini, kama mjusi ukutani. Ukimlilia, anatikisa kichwa. Saa ya chai huja kukaa nao benchi moja, kikombe mkononi, kimya, masikio wazi, na wao huacha mazungumzo wakatazama viatu vyao.

“Anatudharau,” wifi alisema kutoka kitandani. “Msimamizi Kiingereza chake cha kuokoteza, cha fundi ndiyo usiseme. Mkubwa gani atasikiliza lugha iliyopinda? Wifi, wewe una mkwe mwalimu. Nenda ukaseme kilichonyooka, kabla yule mtoto wa watu hajaachwa bila mkono.”

Kwa hiyo mjane akajifunza. Alijifunza akichambua mchele, akifua, akiwa kwenye foleni ya maji. Akishika la kosa, la mapumziko linamponyoka. Na hata majina ya vitu yalitembea kinyumenyume: kwanza uambiwe ni kubwa, kisha ni kuukuu, kisha ni mbovu, ndipo mwisho ujue kuwa ni mashine.

“Wanakuficha kitu chenyewe mpaka mwisho!” alifoka. “Kama wezi!”

“Tena, mama.”

“Mwanangu, mimi Mungu namwomba kwa Kiswahili tangu utoto wangu, na vurugu zangu zote, na hajanisahihisha hata siku moja.”

“Bwana Mjusi siye Mungu, mama. Tena.”

Siku moja alichanganya ‘du’ na ‘meki’ mpaka mkwewe akatoka jikoni, akaenda kusimama uani na kuwafokea kuku. Mjane alimsikia. Kuku walikuwa wanafokewa kwa adabu zote, kila mmoja akiitwa mama.

Hata hivyo hakuacha. Kila akipita kwenye ile mashine alimwona msichana akisukuma shuka, vidole karibu na moto, na kilichokuwa kikimponyoka alikikamata upya.

Asubuhi aliyoona yuko tayari, alisali kifupi, akabisha hodi ofisini. Wenzake wakabaki nje, masikio mlangoni.

Ofisi ilikuwa ndogo: meza, feni, na ukutani kalenda ya kwao mkurugenzi, yenye maandishi ambayo mjane hakujua hata yanaanzia upande gani. Mkurugenzi aliinuka akamvutia kiti. Mjane hakukaa. Alikwenda pale kusema, si kukaa.

Akasema. Malalamiko aliyatengeneza. Kazi aliifanya. Usikivu aliuomba ulipwe. Mashine aliisifia ukubwa, ukuukuu na ubovu kabla ya kuitaja, kama wanavyotaka wenyewe. Hakuteleza popote. Mkwewe angekuwapo, angepiga vigelegele.

Bwana Mjusi alitabasamu, akatikisa kichwa.

Mjane alingoja. Mkurugenzi akatikisa kichwa tena.

Hapo hasira zilimpanda mjane. Jasho lote lile, kuku wote wale waliofokewa, kwa ajili ya kichwa hiki!

“Hata hiki kilichonyooka hukitaki?” Kiswahili kilimtoka kabla hajajizuia. “Ungekuwa mkono wa mama yako, ungekaa hapo unatikisa kichwa?”

Kichwa kikaacha kutikisika. Tabasamu likatoweka. Mkurugenzi alimkazia macho, akajifuta jasho usoni kwa kiganja, kisha akaanza kusema, neno mojamoja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

“Mama. Samahani. Kiingereza, mimi sijui. Kiswahili, najua kidogo. Sema pole pole. Mkono wa nani?”